Sabufa inavuma hata bila waya wa muziki: nitie kapasita zipi?

Shela_Lamu: Salaam mafundi. Sabufa yenye amplifaya ndani yavuma "mmm" tangu inapowashwa, waya wa muziki umechomolewa na sauti iko sifuri. Kapasita mbili kubwa (za kuhifadhi na kulainisha umeme) ni 4700 µF 50V 85°C, moja imefura kichwa. Dukani ziko 4700 µF 35V na 6800 µF 63V. Nichukue zipi?

FundiLangoni: Umeme unaofika kwenye kapasita ni volti ngapi? Kama zapita 35, ile ya 35V itapasuka tu. Kapasita iliyoandikwa volti kubwa kuliko ya zamani haidhuru. 6800 ni sawa, ila badilisha zote mbili. Usiende hadi 15000: mkupuo wa umeme wakati wa kuwasha unaweza kuua dayodi za daraja (zinazogeuza AC kuwa DC). Pima kipenyo, urefu na nafasi ya miguu, kwani 63V huwa nene, na ukipata zinazostahimili joto la 105°C afadhali.

Shela_Lamu: Nimepima, volti 41 kila upande: +41 na −41.

Besi_Malindi: Basi 63V. Chomoa plagi, toa chaji kwa rezista ya 1 kΩ 5W nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita. Kutoa chaji kwa bisibisi usithubutu. Mstari ubavuni ni mguu hasi, lakini tahadhari: upande wa −41V, mguu *chanya* ndio unaokwenda graundi (volti sifuri). Wengi hugeuza hapo, na ikigeuzwa hulipuka. Na hewa yetu ya chumvi: ukiona kutu ya kijani kwenye bodi, sugua kwa spiriti kwanza, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki.