Tiba ya kusikiliza muziki, kuna aliyejaribu?

MamaS_Ujiji: Wakuu, mwanangu akisikia honi au blenda ya jirani anaziba masikio anatetemeka mpaka jasho, nimeambiwa kuna tiba unavaa hedifoni unasikiliza muziki, ni kweli au tunapigwa?

mdau_kgm: Ipo, inaitwa Safe and Sound Protocol, aliibuni Stephen Porges, mwanasaikolojia wa Marekani. Ni masaa 5 ya muziki uliochujwa ili sauti za kati, zile za mtu akiongea, zisikike zaidi, na husikilizi yote kwa mpigo, unaanza dakika chache na mtaalamu akiwepo, mtoto akihangaika mnaacha. Ila nadharia yake ya jinsi neva zinavyotuliza mwili, wataalamu bado wanabishana.

bint_mwandiga: Da, mpime masikio kwanza. Wangu nampeleka ufukweni Kibirizi jioni, tunasikiliza mawimbi, mabega yanashuka yenyewe

MamaS_Ujiji: Hedifoni bei gani lakini 😅