Chesi, Weusi dhidi ya 4.Ng5: hatua ya 5 nijibu nini?

KeteNyeusi: Ligi ya klabu, dakika 60 kila mchezaji. 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni askari; x ni kula, + ni shaka, nukta tatu ni hatua ya Mweusi, 0-0 ni mfalme kubadilishana nafasi na mnara). Kumla askari wa d5 kwa farasi kunashawishi. Wengi husema 5...Na5, lakini hapo nina askari pungufu na farasi yuko ukingoni. Fidia iko wapi?

Mnara_h8: Achana na 5...Nxd5. Baada ya 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ mfalme hana budi kwenda e6 kumlinda farasi wa d5, kisha 8.Nc3 inaleta mshambuliaji wa tatu. 8...Nce7 au 8...Nb4 bado zinapumua, ila saa inakwenda na kosa moja tu linakumaliza. Tena Mweupe anaweza kuanza na 6.d4, ambayo ni kali zaidi.

Fidia ni muda. 5...Na5 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Be2 h6 9.Nf3 e4 10.Ne5 Bd6. Hesabu: farasi wake mmoja kasogea mara nne, askofu mara tatu, wengine wamelala. Kwa kawaida hufuata 11.d4 exd3 12.Nxd3 Qc7, unaikodolea h2, kisha 0-0. Usihangaike kurudisha askari. Wengi huharibu hatua ya 9: wanailinda e5 badala ya kuisukuma e4, Mweupe anajipanga, na askari aliyepotea ndiyo basi tena. Farasi wa a5 mrudishe kupitia b7.

Dama_na_Chesi: Siku hizi jiandae zaidi na 8.Bd3, inayozuia e4. Jibu 8...Nd5: malkia anafunguka na kumgusa farasi wa g5. Akirudi 9.Nf3, cheza Bd6, 10.0-0 Nf4 na askofu wa d3 yuko mashakani.

Mzee_wa_e5: Au 3...Bc5, mkamaliza ubishi. Hapo 4.Ng5 ni zawadi, malkia anamla farasi bure. Ila ujue kujibu 4.b4.

KeteNyeusi: Na baada ya 8.Be2 h6, akicheza 9.Nh3 badala ya 9.Nf3?

Mnara_h8: Si mzaha hiyo. Bingwa wa dunia Steinitz aliicheza dhidi ya Mrusi Chigorin kwa telegrafu, na Mmarekani Fischer akamfunga nayo mwenzake Bisguier mwaka 1963. Cheza 9...Bc5 kisha 0-0. Kula h3 kunaivunja safu ya askari wake, lakini unamwachia maaskofu wawili. Mimi ningesubiri.