Yah: Mapishi ya Paul Prudhomme jikoni kwetu, bila nguruwe na bila moshi ndani

Kutoka: Mama Salma, Katy, Texas

Assalam aleikum, na habari zenu nyote.

Kazini kwetu kuna mama wa Lake Charles, Louisiana, anayestaafu mwezi huu. Ameniachia kitabu chake cha mapishi cha Paul Prudhomme, yule mpishi maarufu wa Louisiana, kile cha mwaka 1984. Kurasa zimeshika mafuta, na pembeni mwa kila pishi kaandika kwa kalamu alimpikia nani: "kipaimara", "shemeji alipotoka hospitali", "watoto waliomba tena". Anasema tangu akinunue hakijamwangusha hata siku moja.

Nimekisoma usiku kucha lakini nakwama kwa mambo matatu. Karibu kila chungu kina tasso au andouille, nyama na soseji za nguruwe za moshi, nasi nguruwe hatuli. Pili, huyo samaki wa kubabua: nakaa ghorofa ya pili na king'ora cha moshi kiko hatua mbili kutoka jiko. Tatu, mama mkwe yupo kwangu na ana presha. Walio Louisiana au Houston waliozoea mapishi haya, naombeni mnielekeze.

Mama Salma

---

Kutoka: Mama Neema, Baton Rouge, Louisiana

Waaleikum salaam, Mama Salma. Kwanza, kitabu hicho usimwazime mtu.

Huku kwetu ukikaa na akina mama wa kanisani au wa zamu ya usiku, likitajwa jina la Prudhomme kila mmoja ana ukurasa wake. Huyu atakwambia gumbo ya kuku, ule mchuzi wao mzito wa kulia wali, yule atakwambia pai ya viazi vitamu na njugu za pecan. Ni watu waliozaliwa kwenye vyakula hivi, mama zao na bibi zao walivipika, na bado wanamheshimu. Hilo ndilo lililonifanya nimsome kwa makini, maana mpishi wa televisheni kusifiwa na wageni ni jambo rahisi. Kusifiwa na wenye chakula chao ni kitu kingine.

Na alikuwa mmoja wao, Mcajun. Alizaliwa mwaka 1940 nje kidogo ya Opelousas, kitinda mimba katika watoto 13. Baba yake alilima shamba la mwenye ardhi kwa kugawana mavuno. Umeme hawakuwa nao, friji hakuna, kwa hiyo kilichochumwa au kuchinjwa leo kilipikwa leo. Dada zake walipoondoka nyumbani, yeye akiwa bado mtoto mdogo ndiye akashika nafasi yao jikoni kwa mama. Wacajun wenyewe ni wazao wa Wafaransa wa Acadia, huko Kanada ya leo, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Wengine wakaja kutua huku kwenye mabwawa na mbuga za Louisiana, wakapikia familia kubwa kwa vitu vichache. Mwaka 1975 Prudhomme akawa mpishi mkuu wa Commander's Palace, mgahawa wa wakubwa wa New Orleans. Mwaka 1979 yeye na mkewe Kay wakafungua wao K-Paul's, mtaa wa Chartres. Kuweka nafasi kwa simu hakukuwepo, mtu anapanga foleni barabarani, akiingia anakaa meza moja na asiowajua. Chakula cha kijijini kikasimamisha foleni mjini. Alifariki mwaka 2015, na mgahawa ulifungwa mwaka 2020, ila viungo vyake vya pakiti bado viko madukani.

Sasa tuje jikoni. Uzuri wa mapishi yake ni kwamba anakuambia chungu kiwe katika hali gani, haishii kwenye dakika tu. Anakuambia moto mkali kiasi gani, mafuta yafike wapi, kitunguu kiwe na rangi gani, kitu gani kikwanguliwe chini ya sufuria na kwa nini. Angalia gumbo au jambalaya (wali uliopikwa pamoja na nyama na viungo) humo: mara nyingi kitunguu, selari na pilipili hoho haviingii vyote kwa mkupuo. Sehemu inaingia mapema na kukaangwa mpaka ibadilike rangi, nyingine inaingia baadaye ibaki na utamu wake mbichi mbichi. Viungo navyo hivyo hivyo, vingine mwanzo, vingine katikati. Ukila unasikia kitunguu cha namna mbili katika kijiko kimoja. Wengi wanaopunguza hatua hizo "kuokoa muda" ndio wanaolalamika kwamba chakula kimekuwa na ladha moja.

Na pilipili zake ni tatu: nyekundu ya kusaga, manga nyeusi na manga nyeupe. Usiache ile nyeupe kwa kuwa haipo kabatini. Kila moja inawasha mahali pake mdomoni, nyingine mapema nyingine ukishameza, na zikiwa tatu hauhitaji nyingi ya yoyote.

Kuhusu roux, yaani unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta: aliyezoea kukaanga kitunguu cha pilau ameshajua nusu ya kazi. Rangi unayoifikisha pale ndiyo itakayokuwa rangi na ladha ya chungu kizima. Prudhomme anataka mafuta yawe yanafuka ndipo unga uingie kidogo kidogo, na inakwisha kwa dakika chache. Wanaoanza wapike kwa moto wa wastani, itachukua nusu saa au zaidi lakini utaiona inavyotembea: rangi ya mchanga, ya karanga, ya shaba, mpaka kahawia iliyoiva. Usiache kukoroga, fikia pembe za sufuria. Ukiona vidoadoa vyeusi, imeungua, imwage uanze upya, hakuna kiungo kitakachoficha uchungu ule. Mboga ziwe zimeshakatwa ziko pembeni, maana ukizitia ndizo zinazopoza na kusimamisha rangi pale unapoitaka. Roux ya moto ikikurukia ngozini inang'ang'ania, wala haichuruziki kama maji. Vaa mikono mirefu na watoto watoke jikoni. Hili nalisema kama muuguzi.

Jambo jingine: kadiri roux inavyokuwa nyeusi ndivyo nguvu yake ya kuzitisha mchuzi inavyopungua. Gumbo ikiwa nyepesi kuliko ulivyotarajia, haijaharibika. Ndivyo ilivyo.

Nguruwe. Tasso ni nyama ya bega iliyotiwa chumvi na pilipili na kukaushwa kwa moshi, andouille ni soseji yake ya moshi. Kazi zao kwenye chungu ni moshi, chumvi na ukali. Tafuta bata mzinga wa moshi, shingo au paja, kwa mchinjaji wa halali. Mchambue, nyama iliyokatwa vipande vidogo uipake hizo pilipili tatu na kitunguu saumu, uikaange mpaka ishike chini ya sufuria kidogo ndipo uendelee. Mifupa yake itie kwenye supu. Soseji za ng'ombe za halali za moshi nazo zinafaa. Ila soma karatasi ya pakiti mpaka mstari wa mwisho: zipo soseji zilizoandikwa "kuku" au "bata mzinga" kwa herufi kubwa, na ngozi ya nje ni utumbo wa nguruwe.

Presha ya mama: chumvi kwenye mapishi haya inaingia kwa milango mingi, kwenye viungo, kwenye soseji, kwenye supu ya kopo. Mlango mkubwa ni supu. Chemsha yako bila chumvi kabisa: migongo na shingo za kuku, au vichwa na maganda ya kamba, pamoja na vikonyo vya mboga ulizokata. Prudhomme mwenyewe alikazania supu ya kupikwa nyumbani kuliko maji matupu, na hapo utaelewa kwa nini. Changanya viungo vyako mwenyewe badala ya vya pakiti, acha chumvi, kila anayetaka atie mezani. Zile chumvi mbadala za potasiamu usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha hazipatani nazo.

Samaki ninamwachia Baba Amani, ndiye mwenye uwanja.

Mama Neema

---

Kutoka: Baba Amani, Houston, Texas

Shikamoo Mama Neema. Mama Salma, pole na kazi.

Samaki wa kubabua usimpike ndani ya ghorofa. Hata Prudhomme alionya: kwenye mgahawa kuna feni kubwa za kuvuta moshi, nyumbani mtu atoke nje. Kikaango cha chuma kizito kinakaa kwenye moto mkali kabisa si chini ya dakika 10, mpaka kipite hatua ya kufuka na chini kianze kuwa na weupe kama wa majivu. Samaki anachovywa kwenye siagi iliyoyeyushwa, anapakwa viungo pande zote, anatua. Moshi unapanda mara moja, mweupe, mzito, unachoma macho. Kama dakika mbili upande mmoja, unageuza, kiasi hicho hicho upande wa pili, basi. Ule weusi ni viungo na chembe za maziwa zilizomo kwenye siagi vilivyoshikana vikafanya ganda tamu, nyama ndani bado ina maji yake. Ndiyo sababu samli haifai hapa, maziwa yake yameshatolewa.

Kikaango cha teflon marufuku. Kwa joto lile kinatoa hewa yenye madhara.

Ninatumia lile jiko la gesi la miguu ambalo watu wa huku wanachemshia crawfish, kamba wa maji baridi. Linauzwa maduka ya vifaa vya nyumbani, na msimu ukipoa bei inashuka. Lakini soma kwanza mkataba wako wa nyumba: apatimenti nyingi zimekataza moto wowote kwenye baraza. Njooni kwangu Jumamosi, au chukua kikaango uende bustani ya umma yenye majiko ya mkaa. Mkaa ukiwa mwingi na umewaka vizuri unafikisha joto.

Kuhusu samaki mwenyewe, usihangaike na redfish, yule samaki wa Ghuba aliyetumiwa na Prudhomme. Pishi hili lilipovuma miaka ya 1980, redfish alivuliwa mno, hadi mwaka 1986 serikali ya Marekani ikafunga uvuvi wake wa biashara katika maji ya shirikisho ya Ghuba ya Mexico. Wa kufugwa anapatikana, bei yake si ya kila wiki. Kambare wa kufugwa wa huku anafaa sana. Muhimu ni unene wa karibu sentimita moja na kidogo. Akizidi hapo, nje ataungua kabla ndani hajaiva.

Baba Amani

---

Kutoka: Zuhura, Hamburg, Ujerumani

Habari zenu wakubwa zangu, shikamooni.

Nimefuata uzi huu kwa hamu, nami nachangia kidogo kwa walio Ulaya. Kwenye mafriza ya madukani huku kuna samaki anaitwa Viktoriabarsch. Huyo ni sangara wetu wa Ziwa Victoria. Minofu yake ni minene, mpasue kwa ulalo upate vipande vyembamba, mkaushe vizuri kwa taulo ya karatasi, ndipo siagi ishike. Ladha yake inabeba zile pilipili bila kupotea.

Bamia za gumbo nanunua za barafu kwenye maduka ya Waturuki, hizo ndogo ndogo. Selari ya mche nayo ipo kila mahali, ila msichanganye na ile ya mzizi wanayopenda Wajerumani. Poda ya filé, ile ya majani ya sassafras, sijaiona dukani. Mama Neema, naweza kuiacha? Na ninataka kupika chungu kikubwa kwa ajili ya kisomo cha watu wengi, je gumbo inaweza kupikwa siku moja kabla?

Zuhura

---

Kutoka: Mama Neema, Baton Rouge, Louisiana

Marahaba mwanangu.

Filé iache. Ukiwa na bamia, bamia ndizo zitakazozitisha. Zikaange kwanza peke yake kwenye mafuta mpaka mlenda wake ukauke, halafu ndipo ziingie chunguni. Siku ukiletewa filé kutoka huku, itie baada ya kuzima moto au kila mtu kwenye bakuli lake. Ikichemka inavutika nyuzi nyuzi na haipendezi.

Kupika siku moja kabla ni vizuri, tena ladha zinashikana. Lakini chungu kikubwa cha nyama kisilale jikoni. Kigawe kwenye vyombo vifupi na vipana ili kipoe upesi, viingie friji ndani ya saa mbili. Kesho yake upashe mpaka kichemke hasa. Kama kuna kamba, usiwatie siku ya kwanza, watakuwa mpira. Watie unapopasha, dakika chache za mwisho.

Wali upikwe siku ile ile, sufuria yake mbali. Ukiuchanganya mapema unanywa mchuzi wote na utabaki na uji. Kwa watu wengi weka bakuli, wali kidogo katikati, gumbo juu yake, majani ya kitunguu yaliyokatwa, na chupa ya pilipili pembeni kwa wanaotaka zaidi.

Mama Salma, ukishapika, andika na wewe pembeni mwa ukurasa umempikia nani. Na Jumamosi mkienda kwa Baba Amani, bebeni siagi isiyo na chumvi.

Mama Neema