Binti amefaulu PCB: tumpeleke China, India au Urusi kusomea udaktari?

Mama wa Tabata

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yangu amemaliza Kidato cha Sita kwa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na amefaulu masomo yote matatu, lakini ushindani wa nafasi za udaktari Muhimbili, Bugando na Moshi ni mkubwa kiasi kwamba tumeanza kufikiria vyuo vya nje. Wakala mmoja mwenye ofisi Kariakoo ametupatia karatasi yenye vyuo vitatu, kimoja China, kimoja India na kimoja Urusi, na anatuhimiza tulipe amana kabla ya Ijumaa kwa maelezo kwamba nafasi zinakwisha. Karatasi hiyo inaeleza ada, bweni na hata chakula, ila haisemi lolote kuhusu namna mtoto atakavyosajiliwa akirudi. Baba yake anaelekea kwenye ada iliyo nafuu zaidi. Mimi ninataka binti arudi kutibu watu hapa nyumbani, kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnieleze tuanzie wapi.

Daktari, Temeke

Shikamoo mama, na hongera kwa binti. Anzeni na mwisho wa safari, yaani siku atakayorudi na shahada mkononi akitaka kuvaa koti jeupe. Siku hiyo Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itapaswa kuitambua shahada yake, na Baraza la Madaktari Tanganyika litampima kwa mtihani kabla ya kumruhusu kuanza mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Chuo kisichoweza kumvusha hapo hakina unafuu wowote, hata kama ada yake ni nusu ya vingine.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa chochote, nendeni TCU mkaulize kuhusu kila chuo kwa jina lake kamili, na mwombe cheti cha kutokuwa na pingamizi ambacho mwanafunzi anayekwenda nje anatakiwa kuwa nacho. Ulizeni pia kama wakala huyo amesajiliwa, kwa kuwa mawakala wa udahili wa nje wanapaswa kuwa na kibali cha Tume. Kisha tafuteni chuo hicho katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, inayopatikana bure mtandaoni. Mawakala wengi huionyesha orodha hiyo kana kwamba ni ithibati, ilhali wenye orodha wenyewe wanasema wazi kwamba chuo kuwemo humo hakumaanishi kuwa kimethibitishwa ubora. Ithibati hutolewa na chombo cha nchi husika, nanyi mnapaswa kujua ni chombo gani na kama kinatambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari.

Mhitimu wa China, sasa Mwananyamala

Shikamoo mama. Ninaongeza jambo ambalo karatasi za mawakala hazilitaji, nalo ni lugha ya wodini. Darasani nilifundishwa kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, na walimu walikuwa hodari. Tulipoingia hospitalini mambo yakabadilika, kwani mgonjwa anajieleza kwa Kichina, faili lake limeandikwa kwa Kichina, na mwalimu akimaliza kuzungumza naye kwa dakika kumi anatugeukia wageni na kutupa muhtasari wa sentensi mbili. Aliyekuwa amejifunza lugha kwa bidii, walau kufikia ngazi ya nne ya HSK, mtihani wa lugha ya Kichina kwa wageni, aliweza kuuliza maumivu yalianza lini na yanaelekea wapi. Wengine walisimama nyuma ya kitanda wakinakili. India hali inafanana, kwa sababu masomo ni ya Kiingereza lakini mgonjwa wa Hyderabad atakueleza kwa Kitelugu na wa Pune kwa Kimarathi. Urusi nako mgonjwa anazungumza Kirusi.

Jingine ni magonjwa yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa imetokomeza malaria mwaka 2021, jambo la kuwapongeza, ila maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza miaka sita bila kumwona mtoto mwenye malaria kali, kisha siku ya kwanza ya utarajali akakutana na watatu. Nawashauri muulize kama chuo kinamruhusu afanye sehemu ya mazoezi katika hospitali za hapa wakati wa likizo ndefu.

Mzazi, Mbezi

Dada yangu, pimeni pia usalama. Vita vya Ukraine mwaka 2022 na vya Sudan mwaka 2023 viliwarudisha nyumbani vijana wetu wengi, na miongoni mwao alikuwamo mpwa wangu, aliyefika Dar es Salaam bila hata nakala ya matokeo yake ya miaka mitatu. Kumtafutia chuo kingine bila karatasi hizo lilikuwa jambo gumu kuliko safari yenyewe. Popote atakapokwenda binti, kila mwisho wa mwaka wa masomo achukue matokeo yaliyogongwa muhuri na atume nakala nyumbani.

Mama wa Tabata

Nawashukuru sana. Nimezungumza na baba yake, na tumekubaliana kwamba amana hailipwi Ijumaa. Swali langu la mwisho: je, akikosa nafasi ya serikali, vyuo binafsi vya hapa vinafaa kulinganishwa na hivi vya nje?

Daktari, Temeke

Vinafaa kabisa, mama, na kwa maoni yangu mngevitazama kwanza. Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki pale Mikocheni ni jirani yenu, na binti atajifunzia kwa wagonjwa na kwa lugha atakayoitumia maisha yake yote. Shahada ya hapa ni miaka mitano kabla ya utarajali. Jumlisheni ada, nauli, viza, bima na mwaka wa ziada wa kujifunza lugha, pale chuo cha nje kinapoudai, kisha wekeni jumla hiyo kando ya ada ya chuo binafsi cha hapa. Bado dirisha la udahili halijafungwa, kwa hiyo aombe hapa huku mkisubiri majibu ya TCU.