Nahubiri mbio mbio, wa nyuma hawanipati. Nianzie wapi?

Fundi wa Dunda
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni fundi ujenzi hapa Bagamoyo, na usharikani kwetu ni mzee wa kanisa. Mchungaji ana mitaa mingi, asipokuwepo wazee tunapokezana kuhubiri. Kuandaa naandaa vizuri tu. Shida ni nikisimama mbele: naanza kukimbia, na mke wangu anasema waliokaa upande wa mlango wanaambulia "Amina" peke yake. Kuna wenzangu wananishauri nikwaruze sauti kama wahubiri wa redioni. Hilo silitaki. Wiki nzima napigizana kelele na mashine ya zege, Jumapili nataka niongee kama mtu. Chuo cha Biblia cha kukaa bweni siwezi, nina watoto wa shule.

Jukwaani
Kaka, uko Bagamoyo halafu unauliza pa kujifunzia sauti? Chuo cha Sanaa kipo hapo tangu 1981, siku hizi ndiyo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, nami nilisoma maigizo pale. Si lazima ujiandikishe. Tafuta mwanafunzi wa maigizo akuelekeze kupumua. Weka kiganja kitovuni, vuta pumzi mpaka kiganja kisukumwe nje. Mabega yakipanda, rudia. Kisha nendeni ufukweni jioni, mwenzio asimame mbali, wewe msomee Biblia upepo ukivuma. Usipige kelele, fungua mdomo tu na umalizie kila silabi. Wengi tunameza h: ukisoma haraka "hatakupungukia wala kukuacha" (Kumbukumbu la Torati 31:6), wa nyuma anasikia "atakupungukia". Hapo umemtia mtu hofu kwa andiko la faraja!

Mtumishi
Samahani, maigizo madhabahuni yananipa shaka. Mathayo 10:19 inasema tusifikiri-fikiri tutakavyosema, tutapewa saa ile ile. Funga na kuomba, ndugu. Roho hahitaji kiganja kitovuni.

Parishi Mstaafu, Tanga
Mtumishi, kuomba tuko pamoja. Ila anzia mstari wa 17: Bwana anasema na watakaoburutwa mabarazani na mbele ya maliwali, si na mzee aliyepangiwa zamu tangu mwezi jana. Augustino, yule baba wa Kanisa la kale, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema kule Milan kabla hajabatizwa. Alipokuwa askofu aliandika kwamba ikiwa wasema uongo wanajua kuvuta watu kwa maneno, haifai wasema kweli wakae bila silaha hiyo.

Sasa wewe fundi, mwanangu. Nimewafundisha wazee wa kanisa huku Tanga hadi nikastaafu, na kitu cha kwanza huwa nawanyang'anya mahubiri, nawaachia kusoma masomo ya Biblia tu. Katika Nehemia 8 Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti. Wakasoma kwa sauti ya kusikilika, ndipo wakaeleza maana. Mwombe mchungaji akupe zamu ya kusoma Waraka. Kila ukifika nukta, nyamaza, umtazame mtu wa mwisho kabisa, ndipo uendelee. Utaona unachelewa mno. Wao wataona unaongea vizuri.

Ukirudi kwenye kuhubiri, usiende na mambo saba. Mwambie mkeo jikoni, kwa sentensi moja, unachotaka watu waondoke nacho. Akikuuliza "unamaanisha nini?", bado haijaiva. Na mifano usiazime redioni. Amosi 7 kuna timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta kama umenyooka. Nani hapo usharikani anaijua kukushinda? Ingia nayo, ining'inize kimya mpaka itulie. Kile kitambo cha kuingoja itulie kitakufunza mwendo kuliko maneno yangu yote.

Fundi wa Dunda
Shikamoo mama, nimepokea. Timazi inakuja kanisani zamu yangu ijayo. Mtumishi, na kufunga nitafunga. Jukwaani, swali la mwisho: spika yetu ni moja, inapiga mluzi kila nikisogea. Maiki niishike karibu au mbali?

Jukwaani
Mluzi unakuja pale maiki inapopokea sauti inayotoka kwenye spika yenyewe. Spika isogezeni mbele yako, iwaelekee watu, wewe ubaki nyuma yake. Maiki iwe upana wa kiganja kutoka mdomoni, na usiikumbatie kichwa kwa mkono. Kama kanisa lenyewe ni dogo, izime kabisa.