Chuo kinafungua Jumatatu, mkopo sina. Nichukue mkopo wa kausha damu?

Chipukizi wa Geita: Wakuu, habari za jioni. Nimechaguliwa chuo kimoja Dodoma, shahada ya ualimu. Majina ya mkopo wa Bodi ya Mikopo yametoka awamu zote, langu halimo. Ada ya muhula wa kwanza na michango ni 800,000. Mama anauza dagaa mnadani, mzee alishatangulia mbele za haki. Kuna jamaa mtaani anakopesha kwa dhamana ya kadi ya pikipiki, na mjomba amekubali kutoa yake. Nachukua laki nane, baada ya mwezi narudisha milioni moja na elfu arobaini. Nichukue? Usingizi sipati, naombeni ushauri.

Fundi Nzega: Rufaa je? Dirisha likifunguliwa unaingia kwenye akaunti yako unapakia kilichopungua. Mara nyingi ni cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, au fomu haina muhuri wa serikali ya mtaa. Mdogo wangu ilikuwa saini ya wakili tu. Akarekebisha, akapata.

Mama Vitenge: Mwanangu, hao watu usiwasogelee. Mimi nilichukua kwao nikaongeze mtaji, marejesho yakapishana siku chache tu. Walikuja alfajiri, wakabeba friji na maziwa ya wateja yakiwa ndani. Yalimwagika kuanzia jikoni hadi barazani, majirani wote wametoka nje wanaangalia. Riba haioni huruma, mwanangu.

Kichwa Ngumu: Ualimu tena? Hesabu walimu wanaokaa nyumbani hapo mtaani kwenu. Nenda VETA, ada ya mwaka ni 60,000 kutwa na 120,000 bweni. Jifunze kuchomelea, mageti hayaishi.

Chipukizi wa Geita: Mkuu, ya VETA sikuuliza. Nataka kufundisha tangu nikiwa mdogo. Na nyaraka zangu zote zilihakikiwa.

Mnufaika wa Zamani: Mimi nakatwa 15% ya mshahara kila mwezi. Nyinyi wa sasa mna nafuu. Sisi tulikuwa tunaongezewa 6% ya kutunza thamani ya mkopo, unalipa na deni liko palepale, mpaka Rais Samia alipotangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa kazini.

Mhasibu Mstaafu: Turudi kwa kijana. Nyaraka safi, mzazi mmoja amefariki, mama yuko mnadani, halafu ukose hata awamu ya mwisho? Mdogo wangu, kuna kitu unakiruka. Akaunti yako imeandika nini?

Chipukizi wa Geita: Imeandika kwamba niliwahi kunufaika. Nilianza chuo kingine 2021, nikapata mkopo. Mama akaugua, nikarudi kumuuguza, basi nikaachia hapo. Barua ya kuahirisha sikuandika. Sikuitaja kwa sababu hiki ni chuo kingine na kozi nyingine.

Mhasibu Mstaafu: Hilo ndilo jambo lenyewe. Mkopo unakufuata wewe, haujali chuo gani. Aliyekatisha masomo anatakiwa kwanza arejeshe 25% ya alichopokea, ndipo aombe upya. Ulipokea kiasi gani?

Chipukizi wa Geita: Ada 780,000 na boom (pesa ya kujikimu) mbili za 510,000 kila moja.

Mhasibu Mstaafu: Jumla 1,800,000, robo yake 450,000. Sasa tazama. Unaweka rehani pikipiki ya mjomba kwa laki nane, ambayo haina chumba wala chakula ndani yake, wakati laki nne na nusu ndiyo inayokurudisha kwenye foleni ya mkopo. Muhula wa pili utamkopa nani? Na hiyo riba ni 30% kwa mwezi. Ukomo wa Benki Kuu (BoT) kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni 3.5%. Huyo jamaa leseni ameitundika wapi?

Chipukizi wa Geita: Nakuelewa mzee wangu, ila kadi ilishapelekwa jana, bado kusaini tu. Niliosoma nao wanamaliza, mimi nianze kusubiri tena? Nikishaingia chuoni nitapata vibarua, Mungu hamtupi mja wake.

Kichwa Ngumu: Ngojeni kwanza. Mwezi wa nne huyuhuyu alifungua uzi hapa anauliza bei ya mashine za kunyolea, akasema ana saluni. Leo ni mtoto wa muuza dagaa asiye na kitu. Hii chai, wakuu.

Fundi Nzega: Na tangawizi imo. Nimepoteza bando.

Mama Vitenge: Mwenye saluni hawezi kuwa na mama muuza dagaa? Mnamsulubu mtoto wa watu bure.

Mnufaika wa Zamani: Aweke picha ya akaunti, afiche jina na namba.

Chipukizi wa Geita: Picha hiyo hapo chini. Saluni ni ya mjomba, mimi nilikuwa kinyozi wake, yeye ndiye alinituma niulizie bei. Kama ningekuwa na saluni ningeomba ushauri wa kukopa?

Kichwa Ngumu: Nimeiona. Nafuta kauli. Ila kuchomelea bado nakushauri.

Mhasibu Mstaafu: Kesho asubuhi uliza chuo kama wanaruhusu kuahirisha udahili. Wakiruhusu, andika barua na ubaki na nakala yenye muhuri, safari hii usiondoke kimya. Wasiporuhusu, utaomba chuo upya mwakani. Rudi saluni, ulipe hiyo 450,000 kidogokidogo kwa kontrol namba ya Bodi yenyewe, risiti zote utunze, umalize kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Chipukizi wa Geita: Mjomba ameenda kuifuata kadi. Jamaa anasema haitoi bila elfu ishirini ya usumbufu. Tumpe yaishe?

Mama Vitenge: Hata mia msimpe! Hujasaini, hujapokea pesa. Mjomba aende na mjumbe, na waende sasa hivi kabla hajafunga ofisi.