Posta wamegoma kuleta barua kwangu sababu ya mbwa, hii ni haki kweli?

Bandubandu:
Wakuu habari za saa hizi. Nina mbwa dume wa miaka 4, nimemlea tangu hajafumbua macho vizuri, watoto wanamlalia, paka anamkalia mgongoni na yeye katulia tu kama hayupo. Ugomvi wake ni na mtu mmoja tu hapa duniani, mtu wa posta. Akisikia zile hatua getini anageuka jitu jingine kabisa, manyoya ya mgongo yanasimama mpaka mkiani.

Sasa wiki iliyopita mke wangu kafungua mlango asaini kifurushi, jamaa kapenya katikati ya miguu yake, kamvaa yule kijana wa posta kachana suruali kuanzia gotini mpaka chini, na mguu ukachubuka kidogo. Nikaomba msamaha, nikalipa suruali, nikajua yameisha. Jana nakuta karatasi, hakuna barua kuletwa mpaka mbwa adhibitiwe, nifuate mwenyewe dirishani. Mbaya zaidi majirani wawili nao wamesitishiwa maana njia ni moja, hata salamu hawaitikii.

Naulizeni, si wamekuza jambo? Mbwa hang'ati, kachana nguo tu. Na kwa nini iwe mtu wa posta peke yake wakati wageni wengine wanaingia wanamshika kichwa? Kuna mtu kaniambia ni harufu ya mbwa wengine kwenye viatu vyake.

Mfuko_Begani:
Kaka pole, ila mimi nimebeba barua miaka 19 kabla sijastaafu, na hilo neno "hang'ati" nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Nina alama tatu mwilini na zote tatu mwenye mbwa alikuwa amesimama pembeni ananiambia usiogope huyu hang'ati. Hawang'ati nyie. Sisi hatuli nae.

Watu wanadhani tunaogopa majibwa makubwa tu, hapana, aliyenipata vibaya zaidi alikuwa kijibwa kinachoenea kwenye kikapu, nilikuwa naingiza barua kwenye tundu la mlangoni, yeye yuko upande wa pili kanyamaza kimya, akachukua kidole pamoja na barua. Tangu siku hiyo naisukuma kwa barua nyingine, mkono sipeleki.

Ukifanya kazi hii unajifunza kusoma uwanja kabla hujagusa komeo. Bakuli la maji liko wapi, kiatu kilichotafunwa, shimo chini ya ua. Ukiona nusu duara ya udongo uliochakaa hauna hata unyasi ujue mnyororo unafika hapo, usikanyage ndani yake hata kama mbwa humwoni. Unatikisa geti kwanza unasubiri. Akitokea humpi mgongo wala hukimbii, unaweka mfuko mbele yako aung'ate huo, unarudi kinyumenyume mpaka utoke. Na mkia ukipepea si salamu siku zote, nimeshaumwa na mbwa anapepea mkia kama bendera.

Kwa hiyo hapana, hawajakuza. Wewe una mbwa 1, yule kijana ana mageti mia na zaidi kwa siku, na kila mmoja anamwambia wake hang'ati.

Gogo_Kavu:
Mimi naona tofauti. Mbwa kazi yake ni kulinda, ukitaka asiyebweka fuga sungura. Weka kibao "mbwa mkali" getini, atakayeingia kajitakia mwenyewe.

Mfuko_Begani:
@Gogo_Kavu mwizi ana hiari ya kusoma kibao akaenda nyumba nyingine, mimi nimetumwa na barua ina jina lako hapo hapo. Na kibao mara nyingi kinakugeukia, ni kama umeandika mwenyewe kwamba ulijua mbwa wako ni hatari na ukamwachia. Kule England na Wales sheria ya mbwa hatari ya 1991 ilirekebishwa 2014, sasa hata mbwa akiwa ndani ya uwanja wako akamuumiza mtu wa posta unaweza kushtakiwa. Na posta ya Marekani yenyewe ilitangaza kwamba mwaka 2024 mbwa waliwashambulia wafanyakazi wake zaidi ya mara 6,000, huko unaweza kusimamishiwa barua wewe au mtaa mzima. Kwa hiyo ndugu Bandubandu si wewe peke yako.

Mama_Vitoto:
Hii ya kwa nini mtu wa posta tu ngoja niseme kidogo maana nimefundisha mbwa muda. Harufu sijui, labda inachangia, ila jambo kubwa ni hesabu ya mbwa mwenyewe. Mgeni anakuja, anakaribishwa, anakaa, anakula, mbwa anaona kumbe huyu wa kwetu. Mtu wa posta anakuja, mbwa anabweka, mtu anaondoka. Kesho tena anabweka, anaondoka. Sisi tunajua ameondoka kwa sababu kamaliza kazi, mbwa yeye anajua AMEMFUKUZA. Sasa miaka 4 anashinda kila siku hajawahi kushindwa hata mara 1, halafu siku moja mlango unafunguliwa na adui amesimama hapo hapo hasogei kwa sababu anasubiri saini, unategemea nini.

Dawa yake si kumpiga, tena ukimpiga kwa kunguruma atajifunza kutonguruma, ataruka moja kwa moja kwenye kuuma na hapo ndo utajuta. Kinachosaidia ni mpangilio wa milango. Geti likilia mbwa anaingia chumba cha nyuma, mlango unafungwa unashika, NDIPO wa mbele unafunguliwa. Usimzuie kwa goti, goti halijawahi kuzuia mbwa aliyekusudia. Mle chumbani mrushie vipande vya nyama vidogo sakafuni avitafute, anza na mtoto wako mkubwa atikise geti siku ambazo hakuna barua, hivyo hivyo mara nyingi nyingi mpaka mlio wa geti umaanishe nyama nyuma na sio vita mbele. Itachukua wiki kadhaa usikate tamaa.

Na mtoto asipokee barua mkononi mwa mtu wa posta mbwa akiwa karibu, anaweza kuona mtoto anavamiwa.

Sindano_Haiumi:
Nimesoma yote hamna aliyegusa la muhimu, mguu umechubuka. Mkuu, mbwa ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Lini ya mwisho? Na yule kijana alienda hospitali au alifuta tu damu akaendelea na njia yake?

Kirusi kinakaa kwenye mate, mchubuko mdogo wa jino unatosha. Kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 za saa sio za kukadiria, halafu mtu anaenda hospitali akapimiwe kama anahitaji chanjo, pamoja na ya pepopunda. Ugonjwa unaweza kulala miezi 2 au 3 mtu yuko mzima anacheka, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Huyo mbwa naye anatakiwa aangaliwe siku 10, akiwa mzima mpaka hapo ina maana siku ile mate yake hayakuwa na kirusi. Usimuue wala usimgawe kabla hazijaisha.

Bandubandu:
Wakuu nimekaa kimya kidogo maana ilibidi nikatafute kadi ya mbwa. Chanjo imepitiliza muda wake kwa miezi 7, sitawadanganya, nilisahau. Nimempigia yule kijana, hakwenda hospitali, alisema ni mkwaruzo tu. Nimemfuata asubuhi nikaenda nae, wamemuosha tena na ameanza sindano, gharama zangu. Leo ni siku ya 6, mbwa anakula vizuri, hatoki, na siku 10 zikiisha daktari wa mifugo amesema atamchanja.

Kijana mwenyewe wala hana kinyongo, ila kaniambia kitu kimeniuma. Anasema kila akifika kwangu huwa anaomba kimoyomoyo kusiwe na barua yangu.

@Mama_Vitoto mke wangu kashaanza ile ya chumba cha nyuma, jana mtoto katikisa geti mara kumi, mara ya nane mbwa kakimbilia chumbani mwenyewe kabla hajaitwa. Bado anabweka lakini.

@Mfuko_Begani ile nusu duara yako nimekwenda kuiangalia, maana mchana huwa namfunga mnyororo uani. Ipo kweli, sijawahi kuiona miaka yote. Inaishia hatua 5 kutoka kwenye nguzo, na sanduku la barua liko hatua ya 4.

Mfuko_Begani:
Litoe leo kaka. Liweke nje ya ua kabisa, asihitaji hata kugusa geti.

Bandubandu:
Nachimba hapa mkuu.